Mzaha wa mbuzi: barazani watu walianguka, ukweni wakanitazama tu. Nilikosea wapi?

FundiSpoku (Jumanne, saa 2 usiku)

Assalaam aleykum, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, chini ya mwarobaini. Kazi yangu ni spoku, minyororo na viraka. Mambo ya lugha niliyaacha darasa la saba. Lakini kuna jambo la lugha linanikera tangu Idi, na kila nikikaa kunyoosha ringi linarudi. Wenye ujuzi nisaidieni.

Barazani kwetu, baada ya Magharibi, huja mzee wa kahawa. Birika limekalia makaa, vikombe vinagongana mkononi, kashata ziko kwenye kindoo chenye mfuniko. Mzee huyu hajitutumui kuchekesha. Anamimina, anasema neno, anamimina tena, watu hoi. Wiki moja kabla ya Idi alitoa hii. Naiandika kama alivyoitoa kwa sababu niliisikia siku tatu mfululizo, maana kila akija mtu mpya wanamwomba airudie:

"Kijana wa bara kaposa Makorora. Kijana wa heshima, ila bahari haijui, nazi haijui. Jumatano mama mkwe kampigia simu: mwanangu, Ijumaa tuna wageni, tunapika wali, ukija tuletee mbuzi. Kijana kajibu, ndiyo mama. Kaenda mpaka Pongwe, kanunua beberu mweupe kichwa cheusi, kamfunga kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima beberu analia na watu wanashangilia, bwana harusi huyo! Kafika. Mama mkwe katoka na upawa mkononi. Kamtazama beberu. Kamtazama mkwe. Kamtazama tena beberu. Kasema: ahsante baba. Meno anayo. Ila sijui tutamkalia vipi."

Kama kuna mtu wa bara anasoma hapa, mbuzi kwetu ni kile kibao cha kukunia nazi pia, chenye ulimi wa chuma na meno mbele, na mkunaji hukikalia.

Basi watu walianguka. Mzee mmoja alimwaga kahawa kwenye kanzu mpya na bado anacheka.

Idi ikaja, nikaenda ukweni Muheza. Tumekula, tumeshiba, maganda ya machungwa yamejaa kwenye sinia, nikaona hapa ndipo. Nikaanza. Nilisimulia vizuri, wallahi. Sauti ya mama mkwe niliiiga, kilio cha beberu nilikitoa mpaka watoto wakaja mlangoni. Nikasema: "Mama mkwe akamwambia mkwewe alete mbuzi, maana yao imevunjika." Nikaendelea na Pongwe, na keria, na shangwe, mpaka "tutamkalia vipi".

Kimya.

Shemeji yangu akasema, "Maskini kijana wa watu." Mama mkwe akainuka kwenda kuangalia maji ya chai. Baba mkwe akafikiri, akauliza: "Sasa yule beberu walimchinja au walimrudisha Pongwe?"

Wakati wa kurudi mke wangu hakusema kitu mpaka tulipofika Pongwe yenyewe, ndipo akaniambia, "Baba Zuhura, wewe si mtu wa mizaha. Wewe ni mtu wa spoku."

Swali langu: mzaha ni uleule, mbuzi ni yuleyule (au ileile, sijui niseme vipi). Kwa nini kule walianguka na huku hawakucheka? Na kama mna mizaha ya namna hii, ya neno moja lenye maana mbili, tupieni hapa nijifunze.

---

MamaKibua (Jumanne, saa 3 usiku)

Kaka Fundi pole sana, nimecheka swali la baba mkwe kuliko mzaha wenyewe.

Mimi nauza samaki Deep Sea, mwaka wa tisa huu. Pale mtu akiongea moja kwa moja tunamwona mgonjwa. Asubuhi wachuuzi tukifika tunaulizana, "Leo wamevua?" Siku bahari imechafuka na vyombo vimerudi vitupu, jibu ni moja: "Wamevua mashati tu." Nimelisikia hata sijui mara ngapi na bado nacheka. Siku hiyo biashara hakuna, utafanya nini.

Nyingine ya kwangu mwenyewe. Mtoto wa shangazi kaja kutoka Dodoma kututembelea, mara ya kwanza kuona pwani. Mama yake akapiga simu, "Mpe mama mkubwa niongee naye." Mtoto wangu wa kiume akapokea, "Mama anapaa." "Anapaa? Anapaa wapi?" "Hapo uani." Mimi nipo na kisu na changu, magamba mpaka kwenye nywele, nasikia simu ya watu imekaa kimya. Yule dada mpaka leo akinipigia anaanza, "Umeshatua?"

Na kuna jirani aliniuliza mbele za watu, "Mumeo siku hizi havui?" Nikamwambia, "Anavua, ila sijui anavulia kwa nani." Wasimamizi msinifungie, hiyo ni ya samaki.

Kwako wewe nadhani ulicheka kabla yao. Mtu anayecheka mzaha wake mwenyewe ni kama muuzaji anayekula samaki wake, mteja anapita.

---

FundiSpoku (Jumanne, saa 3 usiku)

Sikucheka dada. Nilikauka kama papa wa ng'onda.

---

ChakiYaMwisho (Jumatano, saa 12 asubuhi)

Ndugu Fundi, nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na sasa nafuga kuku hapa Chumbageni. Nimeamka kwa ajili ya kuku, nimekuta swali lako, kuku wamesubiri.

Mzaha wako haukufa kwa kucheka mapema. Haukufa kwa sauti. Uliuua kwa maneno matatu uliyoyaongeza wewe mwenyewe: *maana yao imevunjika*. Mzee wa kahawa hakuyasema. Bila shaka uliyaweka kwa nia njema, uliona hadithi ina tundu, nyumba ya Makorora itakosaje mbuzi? Ukaziba kama unavyoziba pancha.

Tazama sasa. Mbuzi mwenye kwato akiumia tunasema "wao amevunjika". Mbuzi ya nazi ikiharibika tunasema "yao imevunjika". Watu wa Muheza wamezaliwa juu ya vibao hivyo. Uliposema *yao*, tayari wameona kibao. Uliposema *imevunjika*, wameona hata mahali kilipopasuka. Kichwani mwao hakuna mnyama tena. Kwa hiyo beberu alipotokea, hawakuwa na mahali pa kuanguka. Walimwona tu kijana aliyekosea, wakamwonea huruma. Shemeji yako alisema "maskini" kwa haki kabisa.

Rudi kwa mzee. *Ukija tuletee mbuzi.* Sikiliza jinsi sentensi hiyo ilivyonyamaza. Angesema "mlete mbuzi", ni mnyama. Angesema "ilete mbuzi", ni kibao. Lakini kitenzi chetu kina kiti kimoja tu cha mtendwa, kama kile cha mbele kwenye daladala, na mama mkwe amekikalisha "sisi": *tu*-letee. Kiti kimejaa, mbuzi kabaki amesimama nje bila alama ya kumtambulisha. Kijana anasikia mnyama. Sisi tunaojua kupika tunasikia kibao, au tunasikia mnyama kwanza halafu tunashtuka kwenye neno wali. Vyovyote vile mlango uko wazi pande zote mbili.

Halafu ona alivyotega. *Meno anayo.* Hiyo ni *a*, ya mnyama. *Tutamkalia.* Hiyo ni *m*, ya mnyama. Upatanisho ni wa beberu lakini kazi ni ya kibao! Hapo ndipo mtu anaanguka: sarufi inamwambia kitu kimoja na jiko linamwambia kingine, ndani ya neno moja. Mimi huyo mzee ningempa darasa langu.

Watu hudhani kuchezea maneno kwa Kiswahili ni rahisi kwa sababu tuna maneno mengi ya namna hiyo. Maneno yapo, kweli. Kaa yuko baharini na kaa lipo jikoni. Paa yuko porini na paa lipo juu ya nyumba. Mto una maji na mto una pamba. Lakini nomino zetu zina ngeli, na ngeli haina siri. Ukisema tu "kaa amekimbia" au "kaa limezimika", mchezo umekwisha. Mwenye mzaha mzuri ni yule anayejua kuongea dakika nzima bila kuigusa ngeli.

(Mto nimeuweka kwa makusudi. Wote wawili ni *mto huu, mito hii*. Hapo ngeli haikusaliti hata ukitaka, ndiyo maana watoto wanaupenda: "Nimelalia mto." "Hukulowa?")

Ya MamaKibua ni aina tofauti na ni tamu kwa sababu yake. Vua, paa, shinda, katika ni vitenzi, na kitenzi hakina ngeli yake ya kukitoa mafichoni. Ndiyo maana mizaha ya vitenzi inazaliwa kila siku bila fundi. Mtaani kwetu kuna timu ya vijana. Ukiuliza jioni "Wameshinda?" utajibiwa "Wameshinda uwanjani tangu saa nane."

Darasani tuliita somo hili utata. Nilikuwa natoa mfano wa *na*, naandika ubaoni: *Jana nimekula samaki na bibi.* Nawauliza, tungo hii ina maana ngapi? Mwaka mmoja kijana wa nyuma kabisa, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akanyoosha. Nikafurahi. Akasema, "Mwalimu, bibi mlimkaanga au mlimpaka nazi?" Nikamtoa nje kwa utovu wa adabu. Kisha nikaenda ofisini nikafunga mlango, nikacheka mpaka kengele ya kipindi kingine.

Kuku wananiita.

---

MjaLeo (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Mwalimu shikamoo. Heshima yako ipo palepale, ila mnafungua maiti hapa. Mzaha ukishaanza kuuelezea "hii ni *a* ya mnyama" umeshauzika.

Sisi vijana hatuhesabu viambishi. Juzi mtaani taa zimezima mara ya tano kabla ya isha, jamaa mmoja gizani akasema, "Umeme wa huku unakatika kuliko baikoko." Mtaa mzima ulicheka, na mabibi waliokuwa ndani wakapiga vigelegele. Nani alifikiria ngeli?

Nyingine: kuna jamaa yetu aligombea akashinda, akawa diwani wa kata. Mke wake akaanza kutembea kwa madaha, hasalimii. Bi mkubwa mmoja akasema, "Msimsumbue, mume ni diwani wa kata, yeye ni diwani wa upawa." Jina limemganda. Mwenyewe hajui.

---

ChakiYaMwisho (Jumatano, saa 5 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Uliyemnukuu gizani hakufikiria ngeli, ni kweli, kama anayekatika kwenye ngoma ya baikoko asivyofikiria mifupa ya kiuno. Lakini Fundi hakuuliza acheke vipi. Ameuliza kwa nini baiskeli haiendi. Hapo lazima mtu afungue.

Ya upawa ni safi sana. Angalia tu kwamba bi mkubwa hakuchezea neno kata peke yake. Kata lilikaa pale miaka yote likimaanisha eneo la diwani, hakuna aliyecheka. Alipoleta upawa karibu yake, kata likakumbuka kuwa lilikuwa kifuu cha kutekea maji. Neno jirani ndilo lililoliamsha. Sawasawa na "baikoko" ya gizani: *unakatika* peke yake ni malalamiko tu.

---

MsafiriWaLikoni (Jumatano, saa 8 mchana)

Salaam kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mwalimu, ruhusa nikupinge kidogo.

Umesema kaa na kaa, paa na paa. Kwa nyanyangu, Mungu amrehemu, hayo hayakuwa maneno mamoja hata kidogo. Weka kiganja mbele ya midomo ya mzee wa Mombasa. Akikutajia kaa wa baharini utahisi pumzi kiganjani, k'aa. Akikutajia kaa la moto, hakuna pumzi. Vivyo hivyo paa wa mwituni anatoka na pumzi, paa la nyumba halina. Ukimletea nyanyangu mzaha wa paa na paa, angekutazama kama watu wa Muheza walivyomtazama ndugu yetu.

Pumzi hiyo haiandikwi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ikaanza kazi 1930, na tahajia tuliyofundishwa sote haina alama yake. Kwa hiyo kuna mizaha inayochekesha kwenye karatasi na simu, na mdomoni mwa mzee inakufa. Hivyo hivyo barabara. Wazee wakimaanisha sawasawa hukaza silabi ya pili, ba-RA-ba-ra. Ile ya magari ni ba-ra-BA-ra. Kijana hutamka yote kwa namna moja, naye ndiye anayefurahia mchezo.

Sasa yangu, na hii haikuwa mzaha. Nilipooa nilitaka kumwonyesha mke wangu Tanga, nina rafiki Chumbageni. Nikampigia: "Jumamosi nakuja na bibi." Akasema karibuni sana, atapumzika. Tumefika: kiti cha kuegemea kimetolewa sebuleni, mto umewekwa, uji uko kwenye chupa, watoto wamepangwa mstari kuamkia. Mwenyeji ananisalimia huku anachungulia nyuma ya mke wangu, kwenye gari. "Na bibi yuko wapi?"

Kwetu bibi ni mke. Kwenu bibi ni nyanya, na nyanya kwenu ni ya kachumbari. Mtoto mdogo kabisa hakusubiri ufafanuzi, akamshika mke wangu mkono akasema, "Shikamoo bibi." Ana miaka ishirini na minne! Hakuongea nami mpaka tulipofika Lunga Lunga.

Hapo, Mwalimu, sarufi yako isingeniokoa. Bibi huyu na bibi yule wote ni watu, wote *a*, wote *m*. Hakuna herufi ya kutoa siri.

---

ChakiYaMwisho (Jumatano, saa 9 alasiri)

Nimepokea, na nimepokea kwa furaha. Mama yangu alikuwa mtu wa Tongoni, naye alikuwa na hiyo pumzi. Sikuijua kuwa ni pumzi mpaka nilipokwenda chuo nikaambiwa. Kwa hiyo barazani kwa Fundi, wakikaa wazee wa zamani, mbuzi atapita lakini kaa hatapita. Neno mbuzi halina hiyo tofauti, mdomoni ni lile lile.

---

MsafiriWaLikoni (Jumatano, saa 10 alasiri)

Na nimwulize MjaLeo. Jina lako umelitoa kwenye ule msemo wenu wa Tanga, *waja leo waondoka leo*. Huwa najiuliza: ni wewe waja, au ni wao waja?

---

MjaLeo (Jumatano, saa 10 alasiri)

Mi nilidhani ni waja wa Mungu, binadamu wa leo.

---

ChakiYaMwisho (Jumatano, saa 12 jioni)

Zote tatu zinakaa. U na a ni *wa*, wa na a ni *wa*, na waja ni wingi wa mja. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa na bado sijui kama msemo huo unamzungumza mgeni au unazungumza naye.

---

FundiSpoku (Alhamisi, saa 2 usiku)

Wakuu, nimesoma yote, nimemsomea na mke wangu. Mwalimu, nimekubali. Hilo tundu la "kwa nini hawana mbuzi" ndilo nililoliziba kweli. Nilidhani nasaidia.

Leo nimejaribu. Amekuja mteja asubuhi, mwalimu wa madrasa, gurudumu la nyuma limelala. Nikiwa naizungusha tyubu kwenye beseni la maji natafuta mapovu, nikamsimulia neno kwa neno kama mzee. *Ukija tuletee mbuzi.* Sikuongeza kitu. Nilitamani, wallahi, ulimi uliwasha, nikamimina maji. Nilipofika "meno anayo" nikanyamaza kidogo, nikabonyeza tyubu. "Ila sijui tutamkalia vipi." Yule bwana alirudi nyuma akatafuta pa kushika, akakosa, akakaa kwenye beseni. Kanzu yote. Nimemtengenezea bure.

Mchana akaja kijana wa chuo. Nikampa ileile, sauti ileile. Akangoja. Akasema, "Ehe?" Nikamwambia, mbuzi bwana, ya nazi. Akasema, "Kwetu tunasaga na blenda. Au mama anatuma tui la pakiti." Anajua mbuzi mmoja tu, wa nyama choma. Huyo, Mwalimu, hata umfiche ngeli mpaka kesho, hana mlango wa pili. Nilisikitika kidogo, si kwa ajili ya mzaha. Mama yangu alikuwa na mbuzi ya mninga, tumbo lake limelainika kwa kukaliwa, nilikuwa nalala juu yake kama farasi. Sijui ilikwenda wapi.

Na ile ya Msafiri imenigusa kazini. Wateja wananipigia kila siku, "Fundi, baiskeli yangu ipo barabara?" Huwa najibu, "Ipo barabara ya 12." Vijana wanacheka. Kuna mzee mmoja wa Raskazone hacheki kamwe, ananijibu, "Najua ilipo, nauliza hali yake." Nilidhani ana roho ngumu. Kumbe anasikia maneno mawili.

---

MamaKibua (Alhamisi, saa 3 usiku)

Mwalimu wa madrasa kwenye beseni! Kesho naisimulia Deep Sea. Ukweni je, hujarudia?

---

FundiSpoku (Ijumaa, saa 3 usiku)

Sikuthubutu. Lakini kuna jambo limetokea leo, ndiyo maana nimerudi.

Baada ya swala ya Ijumaa simu imelia, mama mkwe. Kanisalimia, kaniuliza wajukuu, kaniuliza kazi, kaniuliza mvua. Sauti ya kawaida kabisa. Halafu akasema: "Baba Zuhura, Jumapili tunao wageni, wa upande wa shangazi yake. Tutapika wali. Mkija tuletee mbuzi."

Nikasema ndiyo mama. Simu ikakatika.

Nimeirudia sentensi yake kichwani toka saa nane. Tu-letee. Hakuna *m*, hakuna *i*. Hakusema wa nini wala ya nini. Beberu sasa hivi si mchezo, na mfukoni nina hela ya mipira miwili ya mbele. Kibao kipo soko la Mgandini, ila kama ana shughuli ya kweli, wageni wamekaa, mimi naingia na kibao kwapani?

---

MjaLeo (Ijumaa, saa 3 usiku)

Mpigie tena uulize.

---

MamaKibua (Ijumaa, saa 3 usiku)

Asimpigie! Akipiga ameshindwa. Kaka, siku ya Idi mama mkwe alipoinuka kwenda kuangalia maji ya chai, uliuona uso wake?

---

FundiSpoku (Ijumaa, saa 4 usiku)

Alinipa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika kidogo, nikadhani ni kikohozi.

Nimemwuliza mke wangu, mama alimaanisha mbuzi gani. Ameniuliza, "Kwani alisemaje?" Nikamwambia alivyosema. Amejifunika kanga usoni, ameingia ndani, kafunga mlango. Nipo nje hapa na mbu.